Kisigino Kwenye Tundu

Kupandisha kidau kwenye chombo kile cha matanga kulihitaji watu watatu na mizunguko kumi na minane ya winchi. Mpishi alisimama ukingoni akikisukuma kwa mguu kisigonge ubavu wa chombo, serahangi, msimamizi wa mabaharia, alizungusha winchi, na nahodha alitoa amri, kazi aliyoipenda kuliko zote. Kidau kikishaacha maji tu, nahodha mwenyewe aliinama akachomoa kizibo cha tundu la nyuma, ili maji yaliyoingia yamwagike kadiri kinavyopanda. Kizibo alikitia katika mfuko wa shati na kufunga kifungo. Hakumwamini mtu mwingine nacho. Alisema mikono ya mabaharia ina matundu mengi kuliko hicho kidau.

Alasiri hiyo upepo ulikuwa unageuka. Wingu zito lilikuwa limeshika nusu ya anga, na mawimbi yalikwisha kukijaza kidau hadi katikati. Walikuwa na robo saa, pengine pungufu, ya kung'oa nanga na kujitoa kwenye miamba. Kwenye mzunguko wa tisa winchi ikagoma. Serahangi akatazama kapi, gurudumu la kupitishia kamba juu mlingotini, akaliona zima. Akaishika henza, kamba ya kutwekea tanga ambayo ndiyo waliyoinulia kidau, akaiona imekaza hadi inalia. Kizibo kilikuwa kimeshachomolewa, ila tunduni halikutoka hata tone.

Mpishi akachungulia ndani. Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye kibao cha nyuma, maji yamemfika kiunoni, kisigino cha kulia kimeziba tundu. Alikuwa amekufa maji miezi saba iliyopita, katika kidau hicho hicho.

"Ni yeye," mpishi akasema.

"Nilidhani," serahangi akajibu. "Ana lile shati la mistari?"

"Hilo hilo."

"Mwambie ametuchagulia siku."

"Shikamoo, dada," mdogo wake akasema kutoka chini.

"Marahaba. Umekonda."

"Huko kila kitu kimezidi chumvi."

Siku aliyokufa, nahodha alimtuma akainasue nanga ya pili iliyokuwa imekwama upande wa nyuma wa mwamba. Kidau kilishushwa mbiombio. Kizibo kilibaki mfukoni mwa nahodha, kifungo kimefungwa. Kijana alipogundua alikuwa ameshafika mbali, akaziba kwa kisigino na kupiga makasia mpaka wimbi likamzidi nguvu. Jioni yake mpishi alifua shati la nahodha akakikuta kizibo mfukoni. Nahodha akamwambia akiweke mezani, akaendelea kuandika taarifa. Taarifa ilisema baharia alisahau kizibo kwa uzembe wake mwenyewe.

Ilisomwa nyumbani kwao mbele ya majirani. Baba yao, aliyemfundisha kijana kazi ya bahari tangu akiwa na miaka sita, aliisikiliza hadi nukta ya mwisho, na tangu siku hiyo hajatia mguu majini. Mpishi alirudi kazini kwa sababu moja tu. Alitaka awepo siku nahodha atakaposema kweli, aipeleke nyumbani kwa mdomo wake. Serahangi naye aliona yote. Ana watoto saba, na kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

"Anataka nini?" nahodha akauliza.

"Kizibo chake," mpishi akajibu.

Nahodha akapapasa mfuko wa shati. "Kizibo hakiguswi na mtu."

"Basi sema kilikuwa wapi siku ile. Tuko watatu tu hapa, na yeye wa nne. Ukisema, atainua mguu."

Wimbi likakiokota kidau likakibamiza ubavuni, na ubao mmoja wa chombo ukalia. Chombo kizima kikalala upande. Nanga ikaburura kidogo, ikashika, ikaburura tena. Nahodha akachomoa kisu kiunoni, akaiwekea henza makali.

"Nakata. Aende na kidau chake."

Uzi wa kwanza wa kamba ukakatika. Mpishi alimchukia wakati ule kwa moyo wake wote, wala hakuficha. Akamgeukia serahangi. Serahangi alikuwa anatazama mikono yake juu ya winchi, kana kwamba ameiazima tu na anatakiwa kuirudisha.

Uzi wa pili ukakatika. Mpishi akalala kifudifudi ukingoni, uso wake ukawa karibu na wa mdogo wake.

"Inua mguu, mdogo wangu."

"Hajasema, dada."

"Najua hajasema."

"Na baba je?"

"Inua. Akikata unarudi chini, nasi hatuna kamba ya kutwekea tanga, na miamba ile inatuleta sote huko kwako."

Kijana alimtazama kama zamani alipokuwa akiamriwa kumwachia mgeni kitanda. Kisha akainua kisigino. Maji yakatoka kwa kishindo, na winchi ikamaliza mizunguko tisa iliyobaki bila taabu. Kidau kikatua sitahani. Wakakifunga kamba naye akiwa ameketi humo humo, wakang'oa nanga, wakapita kando ya miamba kwa upana wa mlango. Wakafika kwenye maji ya kina.

Baadaye mpishi alimpelekea nahodha chai. Kitabu cha safari kilikuwa wazi mezani. Nahodha alikuwa na mwandiko mzuri, unasomeka hata kwa mbali: *Kidau kimechelewa kupanda kwa dakika tano. Sababu: uzembe wa baharia.* Kizibo kilikuwa mfukoni, kifungo kimefungwa. Mpishi akaiweka chai, akatoka.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Serahangi alikuwa anaunga henza pale ilipokatwa, na hakuinua macho.

"Ameandika nini?" mdogo wake akauliza.

"Yale yale."

Kijana akatikisa kichwa. "Mtakishusha tena lini?"

"Kesho asubuhi."

"Basi nipo," akasema, akarudisha kisigino kwenye tundu, na mvua ikaanza kukijaza kidau taratibu.