Mizunguko Minne ya Juu

Kibao kilikuwa cha mbao nyembamba, kimepakwa rangi ya samawati, na kamati ya tamasha ilikuwa imeandika jina langu juu yake kwa herufi nyeupe: Shanelle Coakley. Nilikipangusa kwa kitambaa cha mtoto ingawa hakikuwa na vumbi. Kwa miaka arobaini na mmoja meza ile, ya tatu kutoka lango la bustani ya ufukweni, iliandikwa jina la bibi yangu Vermelle, na kabla yake jina la mama yake. Mama yangu mimi alihamia Atlanta akiwa na miaka kumi na tisa, na ukimtajia nyasi za kushonea vikapu anaanza kupiga chafya.

Kwa hiyo nilibaki mimi. Vidole vya Bibi vilikuwa vimekufa ganzi tangu majira ya baridi, na mwezi wa pili aliwaambia wanakamati waziwazi, nami nimesimama pale pale nimembeba binti yangu Josette kiunoni: "Mwaka huu meza ni ya Shanelle. Wazee wa ushonaji wakiukubali mkono wake, imekwisha hiyo. Wasipoukubali, mwakani mpeni mtu mwingine, najua foleni ni ndefu. Sitaki meza ya mama yangu iwe ya kubahatisha."

Mimi nilidhani ninayo dawa ya jambo hilo. Kila mwaka jumba la makumbusho la mjini huchagua kikapu kimoja kutoka tamashani, kikawekwe ndani ya kioo, na chini yake liandikwe jina la aliyekishona. Mwezi wa tatu nilianza kikapu kikubwa chenye tumbo pana na mfuniko, kile ambacho Bibi alikishona mara mbili tu maishani mwake. Nilikishona Josette akinyonya, nilikishona Josette akilala, na siku za Jumanne na Alhamisi nilikiacha kwa Bibi nikaenda masomo yangu ya jioni. Wakiniweka kwenye kioo, nilijiambia, nani atauliza tena habari za mkono wangu?

Jumamosi ile ya tamasha mume wangu Terrance alitushusha saa moja asubuhi, akaendelea na safari yake bandarini, kwenye kreni anayoiendesha. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye ukingo wa mawe. Vikundi vya kwaya vilikuwa vikishuka kwenye mabasi, kina mama wa visiwani wamevaa meupe tangu kitambaa cha kichwa hadi viatu, na harufu ya kamba wabichi wakitupwa kwenye mafuta ilishaanza kutufikia. Siku kama hiyo mji wetu wa Charleston unajijua kuwa ni mzuri. Wageni huja kupiga picha nyumba ndefu zenye baraza mbili, nasi tunawaacha wapige, lakini tunajua mchele uliozijenga nyumba zile ulipepetwa kwenye vikapu vya nani. Wazee wetu walipitishwa kwenye bandari hii na minyororo mikononi. Mikono ile ile ndiyo iliyoleta ushonaji huu kutoka Afrika.

Nilikitoa kikapu kwenye shuka nililokuwa nimekifungia, nikakiinua ili nikione mara ya mwisho kabla ya kukiweka mezani. Jua lilikuwa limetoka upande wa pili wa maji. Nikaona mwanga ndani ya kikapu.

Haukuwa mwingi. Nyuzi tatu, nne za mwanga, nyembamba kama unywele, karibu na mdomo. Kikapu chetu hakipitishi mwanga. Nilikishusha haraka kama mtu aliyeona jambo lisilomhusu.

Nilijua mara moja ni nini. Nyasi za mwaka jana ziliniishia mwezi wa tano, ikiwa imebaki mizunguko minne ya juu. Wiki ile nilikuwa na mtihani na mvua haikukatika. Nyasi mpya nilizing'oa Jumatano, nikazitandaza barazani, na Ijumaa nikaanza kuzishona zikiwa bado na rangi ya kijani. Nyasi mbichi ni nene na laini, inakubali kila kitu. Ikishakaukia ndani ya kikapu inasinyaa, na mshono unabaki umekumbatia hewa. Mtoto wa kwetu wa miaka saba analijua hilo. Usiku ule Bibi aliniuliza, "Umezikausha vizuri? Zimepauka?" Nami nikamjibu, "Zimepauka, Bibi." Kama vidole vyake vingekuwa vizima asingeuliza. Angegusa.

Nikakigeuza kikapu, upande wenye mianya ukatazama nyuma, nikaweka mfuniko, na mbele yake nikapanga vikapu vidogo vya mkate.

"Mbona umekibana hivyo pembeni?" Bibi aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, kofia kichwani, Josette mapajani anatafuna ncha ya utepe wa kofia hiyo.

"Upepo, Bibi."

"Upepo gani? Hata bendera ile imelala."

Meza ya nne ilikuwa ya Bi Florine Mazyck, mmoja wa wale wazee wa ushonaji. Ana miaka sabini na sita na hajawahi kumsifu mtu yeyote aliye hai. Kwenye mfuko wa aproni yake hubeba mchele wa chenga, na tabia yake ni kupita meza za watu, kumimina konzi moja ndani ya kikapu, kukitikisa, kisha kukipindua. Chenga ikinasa kati ya mizunguko, anaiokota kwa kucha na kukukabidhi bila neno. Wapo waliohama tamasha kwa sababu ya chenga moja.

"Vermelle," aliita, "huyo mjukuu wako amelala usingizi? Ana macho kama ya samaki wa juzi."

"Ana mtoto mdogo, Florine. Wewe umesahau wako walivyokuwa?"

"Wangu walilala. Niliwaambia walale, wakalala."

Wageni wakaanza kuingia. Mama mmoja aliyevaa viatu vya kutembelea milimani alimwuliza Bibi kusuka kikapu kimoja kunachukua muda gani. "Kusuka ni nywele, mwanangu," Bibi akamjibu. "Hivi tunashona. Tazama." Akaninyooshea kidevu, nami nikachukua kikapu kidogo nilichokuwa nimekianza na kile kipini cha kijiko kilichochongwa ncha, ambacho sisi tunakiita mfupa kwa kuwa waliotutangulia walitumia ubavu wa ng'ombe. Nikatoboa, nikapitisha ukanda wa jani la mkoma, nikakaza. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi.

Saa tano kasoro akafika Bi Halloran wa makumbusho, mwanamke mrefu mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Alipita meza zote polepole. Kwetu alisimama. Aliondoa vile vidogo mwenyewe, kimoja kimoja, akakishika kikapu kikubwa kwa mikono miwili, akautazama mfuniko, akafuata kwa kidole mstari wa majani ya msonobari unaozunguka tumbo lake kama mkufu.

"Nimeona vikapu vyote," alisema, "na hiki ndicho. Nitarudi saa nane na mpiga picha na karatasi za kutia saini. Umekubali?"

Nikajisikia nikisema ndiyo.

Bi Halloran akaondoka. Bibi alimwinua Josette, akaweka paji lake la uso kwenye paji la mtoto, wakakaa hivyo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika babu.

"Mama yangu," akasema baadaye, "alikuwa haruhusiwi hata kuingia mle makumbusho. Alikuwa anauzia nje, kwenye ngazi. Leo kitu cha kwetu kitakaa ndani na taa yake."

Nikasema naenda kuchukua maji. Nilikwenda hadi kwenye ukingo wa mawe, nikasimama karibu na wale mama wa visiwani. Walikuwa wameanza kuimba. Hawana ngoma, wana makofi na visigino na fimbo moja ya kugongea ubao, na sauti inapanda kutoka chini ya miguu. Nilisimama nikawasikiliza, nikajaribu kujidanganya kwa utaratibu. Hakuna atakayeona. Kioo hakiguswi. Wageni wataona uzuri, na uzuri upo kweli. Kisha nikamwona Josette ana miaka ishirini, amesimama mbele ya kile kioo, anajua kushona, kwa sababu mimi nimemfundisha, na taa imewekwa nyuma ya kikapu.

Nikarudi. Sikupitia mezani kwetu kwanza.

"Bi Florine," nikasema, "naomba mchele wako."

Alinitazama juu ya miwani. "Mimi siazimishi."

"Basi njoo nao wewe."

Hakuna aliyewahi kumwita. Aliinuka taratibu, akafuta mikono, akaja. Bi Ernestine wa meza ya sita naye akasogea, na mzee Gethers anayeshona vikapu vya kupepetea, kwa sababu kila mtu anajua mchele ule una maana gani. Nikafunua mfuniko. Bi Florine akamimina konzi yake, akakitikisa kikapu, akakigeuza upande, akakitikisa tena, kisha akapindua. Chenga zikamwagika juu ya kitambaa cha meza kama mvua fupi.

Saba zilibaki zimenasa. Zote kwenye mizunguko minne ya juu.

Hakuziokota. Alipitisha kidole gumba kuanzia kitakoni, akapanda polepole. "Huku chini ni mkono wa Coakley," alisema. "Naujua, nimekaa karibu nao maisha yangu yote. Huku juu ni mkono wa mtu anayekimbilia basi."

Niligeuka kwa Bibi. "Nilikudanganya," nikamwambia. "Nyasi hazikuwa zimepauka. Nilizishona mbichi."

Bibi alikitazama kikapu. Josette alikuwa anajaribu kumvua pete.

"Nilisikia harufu yake," alisema. "Usiku ule. Nikajiambia ni pua ya uzee."

"Samahani, Bibi."

"Usiniombe mimi samahani, mimi si kikapu."

Mzee Gethers akakohoa ili asicheke. Nami nikachukua mkasi. Nilikata mshono wa mdomo, nikavuta, na mzunguko wa kwanza ukafumuka mikononi mwangu, nyasi zikitoka zimejikunja. Wageni waliokuwa karibu walishtuka. Yule mama wa viatu vya milimani akashika kifua. Nilikata wa pili. Kazi ya siku tisa iliondoka kwa muda ambao mtu anakunywa chai. Nilipofika mzunguko wa tano mkasi ukagoma. Mshono ulikuwa umekaza, umeingia kwenye nyasi, hauna pa kutia ncha. Nikaacha hapo.

Bi Halloran alirudi saa nane na mpiga picha wake. Aliangalia kikapu kisicho na mdomo, akaangalia rundo miguuni pangu.

"Kimepatwa na nini?"

"Kilikuwa na kasoro, mama. Nimeifumua."

"Mimi sikuiona kasoro yoyote."

"Najua," nikasema.

Aliniambia orodha lazima ifungwe leo, akaonekana amesikitika kweli, kisha akaenda kwa mzee Gethers, akachagua kikapu chake cha kupepetea, kipana na kimetulia, na nilipiga makofi pamoja na wengine kwa sababu kilistahili. Iliniuma hata hivyo. Sina haja ya kuficha.

Niliporudi kukaa, kitu kilidondoka juu ya meza. Kilikuwa fungu la nyasi, refu, limepauka hadi kukaribia weupe, limefungwa kwa uzi mwekundu. Kila mshonaji ana mahali pake pa kung'olea, na nyasi zimekuwa adimu tangu wajenge nyumba za likizo kule pwani. Hatupeani. Hata ndugu kwa ndugu.

"Usinishukuru," alisema Bi Florine, tayari amenipa mgongo. "Nimechoka kukaa karibu na kikapu kisicho na mdomo. Kinanitazama."

"Sikusema kitu, Bi Florine."

"Ulikuwa unataka."

Bi Ernestine akauliza kwa sauti ya kusikika hadi meza ya kumi, "Kwa hiyo mwakani kibao hiki kiandikweje?"

"Kwani hakijaandikwa?" akajibu Bi Florine. "Vaa miwani yako."

Nilianza kushona. Nilichukua nyasi zake chache, zikalia mkononi jinsi nyasi iliyokauka inavyolia, nikaziunga kwenye mzunguko wa tano, nikatoboa, nikapitisha, nikakaza. Nilikuwa na haraka ya siku zote kifuani, ila mikono ilikataa kuifuata. Watu walisimama kutazama. Kikundi kizima kilichoshuka kutoka kwenye meli ya utalii kilisimama, na kwa muda hakuna aliyeuliza bei. Kule nyuma fimbo ilikuwa inagonga ubao, na bila kukusudia nilijikuta natoboa kwa kufuata mdundo wake.

Mchana ulipoanza kupoa alikuja msichana mmoja na mkoba mgongoni, sijui kutoka Ohio au wapi. Aliuzunguka umati, akamwona Bibi pale kwenye kiti na kofia yake na uso wake ule ambao wageni wote huukimbilia. Akainama kwa adabu.

"Samahani, mama. Ningependa kujua habari za kikapu hiki. Ni kazi yako?"

"Mimi?" Bibi akamhamisha Josette goti moja hadi jingine. "Mimi nimeletwa hapa kulea mtoto. Muulize mwenye meza."

Msichana akanigeukia. Nikamwambia avute kiti, maana ilibaki mizunguko mitatu na nusu ya kushona huku nikimsimulia.