Rimu Moja kwa Mwezi

Wifi akikuvamia nyumbani unanuna siku mbili, yanaisha. Bi Mafaili wifi yake alimvamia ofisini, na mle hamna pa kununia, kwa sababu chumba ni kimoja na meza ni nne.

Wifi huyo, mke wa mdogo wake, alifika Jumatatu ya kwanza ya mwezi amebeba kapu. Akatoa vikombe vinne vya udongo, akavipanga juu ya kabati, na vile vya plastiki vya kunywea mara moja na kutupa akavitia vyote kwenye mfuko. Akafungua dirisha ambalo lilikuwa halijafunguliwa kwa miaka. Ilibidi alipige bega. Akazima kiyoyozi. Kisha akainama kwenye printa, akatoa rimu tatu za karatasi zilizokuwa chini yake, akarudisha moja, yaani karatasi mia tano.

"Hii ni ya mwezi mzima," akasema. "Ya ofisi nzima."

Rimu moja Bi Mafaili peke yake aliimaliza kwa wiki mbili, na si kwa ufujaji, jamani, msimhukumu kabla hamjasikia.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya wakala wa bima, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la fotokopi. Mwenye nayo ni mdogo wake wa kiume, ambaye Bi Mafaili alimlea kwa kumbeba mgongoni, na ambaye kazini alimwita "bosi" kwa adabu zote mpaka pale anapomuudhi. Mwingine alikuwa afisa wa madai, wakimwita Jaketi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila koti. Bi Mafaili kazi yake ilikuwa kuyapitia maombi na mikataba ya wateja kabla haijatiwa sahihi. Kwa jina lake hakuonewa: kila waraka aliuchapa, akautoboa matundu mawili, akaupa faili lake.

Mageuzi yale yalikuwa na sababu, na sababu ilikuwa shule. Shule kubwa, majengo saba pamoja na mabasi, ilitaka kuhamishia kwao bima zake zote. Ila bodi yake ilikuwa imeweka sharti jipya: kila wanayefanya naye biashara, hata awe mdogo vipi, aonyeshe kwamba ofisi yake inatunza mazingira. Mwalimu mkuu angekuja mwenyewe kukagua siku ya mwisho ya mwezi. Bosi alipoulizwa kwenye simu anatunzaje mazingira, alitazama huku na huku, akaona ua la plastiki, akasema atapiga baadaye. Jioni hiyo akamwomba mkewe aje kumsaidia, kwa kuwa mambo hayo aliwahi kuyasimamia kiwandani alikokuwa akifanya kazi.

Lakini Bi Mafaili alikuwa na lake moyoni, na hakuwa amemwambia mtu. Macho yake yalikuwa yamechoka. Kwa karatasi hakuwa na ugomvi: unavaa miwani, unaisogeza mbele, unairudisha nyuma, mpaka mnaelewana. Kompyuta haisogei. Herufi za kwenye kioo kwake zilikuwa mchanga uliomwagwa, na ili azisome ilimpasa kukaribia kugusa kioo kwa pua, jambo ambalo chumba kizima kingeliona. Basi kwa miaka minne alikuwa anachapa. Barua ya mistari miwili, anachapa. Watu wakadhani ni ukaidi wa kizamani, naye akawaacha wadhani hivyo.

Na kuogopa alikuwa na sababu. Mzee wa mapokezi alipoanza kukosea namba za simu, mwezi haukupita wakamkatia keki ya kumuaga, wakampa saa ya ukutani, wakampungia mkono. Keki yenyewe aliinunua Bi Mafaili. Yeye hakuwa na mume wala wajukuu wa kumshughulisha. Alikuwa na meza ile, na akiikalia alijiona mtu kamili. Alikuwa anaogopa keki yake mwenyewe.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya vichekesho. Saa sita mchana ya siku ya pili, bila kiyoyozi, Jaketi alishindwa, akavua koti. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi kola na kifua tu. Mgongoni na mikononi lilikuwa limejikunja kama limetolewa mdomoni mwa ng'ombe. Bosi alicheka mpaka akatoka nje.

"Mnacheka nini? Nyumbani naokoa umeme," Jaketi akasema, na wifi, bila hata kutabasamu, akaenda kumpa alama ubaoni.

Huo ubao ndio uliokuwa balaa. Ulikuwa mweupe, umetundikwa karibu na mlango, na kila jioni wifi aliandika kila mmoja ametumia karatasi ngapi. Bi Mafaili aliutazama siku moja tu, akajua akichapa kama alivyozoea ataulizwa, na akiulizwa atakwisha. Kesho yake, saa ya chakula, akatia nyaraka zake kwenye flashi, akateremka ngazi kama anayekwenda kununua vocha, akaingia kwa jamaa wa fotokopi.

"Printa yenu imekufa, mama?" jamaa akauliza.

"Imepewa likizo," Bi Mafaili akajibu.

Tangu siku hiyo akawa haruki hata siku moja. Karatasi alizipandisha kwenye mkoba, akazitia kwenye droo, akazisoma akiwa ameinamia droo iliyofunguliwa nusu, hivyo kwamba aliyemwona angedhani anatafuta pini. Alichapa yale tu yasiyoepukika, na akashangaa kuona mangapi yalikuwa yanaepukika. Dirisha nalo alianza kulipenda, ingawa hata mngemng'oa kucha asingekiri.

Ubaoni, mbele ya jina lake, iliandikwa sifuri wiki ya kwanza, ikaandikwa ya pili na ya tatu. Ijumaa hiyo wifi alimfuata mezani, akamkumbatia mbele za watu, jambo ambalo wanawake hawa wawili walikuwa hawajalifanya tangu siku ya harusi.

"Wifi, nisamehe," alisema. "Nilijua wewe ndiye utakayenipa taabu, kumbe wewe ndiye umenibeba."

Bi Mafaili alitamani ardhi ipasuke. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye mwisho wake alikuwa anauona kila alipopanda zile ngazi na mkoba wake.

Siku ya mwisho ya mwezi mwalimu mkuu akaja. Alikuwa mama mfupi, viatu vya chini, daftari lake limeandikwa mpaka pembezoni. Akatazama mapipa mawili ya taka, la karatasi na la mabaki ya chakula. Akatazama taa, zimezimwa, dirisha, liko wazi, vikombe, vimeoshwa. Akafika ubaoni, palipoandikwa juu "rimu moja kwa mwezi", akasimama.

"Huyu mwenye sifuri ni nani?"

"Dada yangu," bosi akasema, na kifua kikamjaa.

"Basi nitamwomba anionyeshe. Walimu wangu wananiambia haiwezekani. Fungua ombi letu, mama, unipitishe nione unavyofanya."

Ombi la shule lilikuwa limetumwa asubuhi hiyohiyo. Bosi na Jaketi walikuwa wamelisoma, lakini Bi Mafaili hakupata hata nafasi ya kuteremka ngazi. Wifi alimfungulia, akajitenga pembeni kwa heshima. Bi Mafaili akakaa. Mbele yake mchanga mtupu. Akajikaza kisabuni: maombi yote ya bima aliyowahi kuyaona huanza na majengo, na masharti ya moto alikuwa anayajua hata usingizini.

"Sehemu ya kwanza, majengo," akaanza, kidole kikitembea juu ya kioo. "Hapa mteja anakingwa dhidi ya moto, radi, na mlipuko wa mitungi ya gesi itumikayo nyumbani..." Sauti ilitoka imara, nzuri, ya mtu anayejua kazi yake. Bosi akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mwalimu mkuu akainama karibu. "Mama," akasema polepole, "mbona mimi hapo naona mabasi?"

Jaketi akakohoa. Wifi akawahi: "Labda ukurasa umeruka, mwalimu, hii mashine wakati mwingine..."

Uongo wenyewe ndio huo, umeletwa mpaka mdomoni, kazi ilikuwa kuumeza tu. Bi Mafaili akamtazama wifi yake anayemtetea, akaona haya ambazo hajawahi kuziona maishani. Akaivuta droo mpaka mwisho.

"Haujaruka," akasema. "Sioni. Kwenye kioo sioni, mwaka wa nne sasa. Sifuri ile ni ya uongo, mwalimu. Nimechapa karatasi mia mbili na kumi na moja hapo chini kwa fotokopi, na hizi hapa. Hawa wenzangu wamefanya kweli, usiwanyime kazi kwa sababu yangu."

Mwalimu mkuu akafungua daftari. "Na kwenye rimu ya ofisi mmetumia karatasi ngapi?"

"Mia tatu na kumi na nane," wifi akajibu kwa sauti ndogo.

"Jumla mia tano ishirini na tisa. Mmezidisha ishirini na tisa." Akaandika.

Wifi akasogea mezani. Bi Mafaili alisubiri neno kali, tena alilitaka, lakini wifi alipitisha mkono begani mwake, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akarudia, akarudia tena. Herufi zikakua. Zikawa kubwa kama vifungo vya koti, nyeusi, kila moja imesimama peke yake. Bi Mafaili akaegemea kiti kwa nyuma. Nyuma, si mbele. Akaanza kusoma kwa sauti, kwanza kama mtoto wa darasa la kwanza, halafu kwa kasi yake ya zamani: namba za mabasi, mwaka wa kutengenezwa, idadi ya viti, majina ya madereva na leseni zao. Alipofika kwa madereva akanyamaza, akarudi juu, akashuka tena.

"Mwalimu, madereva wenu ni watano?"

"Watano, ndiyo."

"Na mabasi yameandikwa manne. Huyu wa tano anaendesha nini?"

Mwalimu mkuu akavua miwani, akaivaa tena. "Lipo la tano," akasema. "Lilikuwa gereji wiki tuliyoorodhesha." Wote walikuwa wanawaza jambo moja: basi limejaa watoto, liko barabarani, halina bima. Bosi na Jaketi, wenye macho yao mazima, kila mmoja akawa anatazama kwingine.

"Hizo ishirini na tisa nitaieleza bodi mimi mwenyewe," mwalimu mkuu akasema akifunga daftari. "Walimu wangu huzimaliza kabla ya mapumziko ya saa nne. Tengenezeni mkataba, wa mabasi matano, mnitumie kwa barua pepe."

Alipokwisha kuteremka ngazi, bosi akavuta kiti, akakaa mbele ya dada yake. Hakuwa bosi tena.

"Dada, ulidhani nitakufukuza?"

"Mzee wa mapokezi ulimkatia keki."

"Mzee aliniomba ruhusa ya kustaafu mwaka mzima, nikawa namkatalia. Namba alikuwa anazikosea makusudi, nimchoke." "Dada, ukiondoka wewe, nani ataniuliza dereva wa tano anaendesha nini?"

Bi Mafaili akalia, wazi, bila kujificha, na hakuona aibu hata chembe. Wifi akamletea chai kwenye kikombe cha udongo.

"Na wewe ndiye niliyekuogopa kuliko wote," Bi Mafaili akamwambia.

"Na mimi ninakuogopa tangu harusi," wifi akasema, na hapo wote wawili wakacheka mpaka Jaketi akafunga mlango.

Bosi akajifuta uso. "Kesho asubuhi nakupeleka kwa daktari wa macho. Upimiwe miwani ya kompyuta."

"Keshokutwa," Bi Mafaili akasema. "Kesho nina mkataba wa kusoma." Akageukia kioo, kikombe mkononi, akaendelea pale alipoishia.