Tone Moja Kwenye Yai

"Nimesema fungua mkono, Muthoki!"

"Ni maji ya uso tu, Mwaitu, mama yangu."

"Maji ya uso yasiyo na jina? Hata dawa ya kupe ina jina!"

Nthiwa alizunguka kaunta ya duka lake la dawa za mifugo pale Migwani na kumpokonya binti yake kichupa. Tangu Muthoki arudi kutoka Nunguni, anakosomea ushonaji, alikuwa akijifungia bafuni kila mara. Sasa sababu ilikuwa hii.

"Nani amekupa?"

"Wangechi wa saluni. Amenipimia kutoka kwa mtungi wake. Napaka leo, ngozi inabambuka, wiki ijayo mashimo yamekwisha."

"Yote?"

"Yote."

Nthiwa alimtazama mashavuni. Chunusi zilikwisha zamani, lakini zilimwachia vishimo ambavyo msichana huyo alivificha kwa leso hata kanisani. Alifungua kichupa, akanusa, akakunja uso. Kisha akachukua yai kutoka trei ya kuuza, akalipasua kwenye kisahani na kulidondoshea tone moja.

Ute ulibadilika hapo hapo. Pale tone lilipoangukia ulikuwa mweupe, umekaza, kama yai lililotoka jikoni.

"Limeiva," Nthiwa alisema. "Na sikuwasha moto."

Muthoki hakukubali kushindwa. "Hata yule daktari wa ngozi tuliyemwona Kitui alisema kuna asidi za kubambua ngozi."

"Alisema ukijua kipimo! Alisema ngozi yetu ikiunguzwa inaacha mabaka meusi kuliko hata makovu yenyewe. Huyo Wangechi anajua kipimo? Ama anapima kwa kifuniko cha soda?"

"Kumbe ulimsikia daktari! Na bado ulituondoa pale Kitui kama mtu amekutukana."

Ni kweli. Daktari alisema atatumia sindano ndogo ndogo za kutobolea ngozi ili ijijaze upya, kwa awamu, miezi kadhaa. Kwamba kila siku Muthoki ajipake mafuta ya kuzuia jua. Kwamba vishimo vitapungua, lakini havitaisha kabisa. Hilo la mwisho ndilo lililomkasirisha Nthiwa. Daktari asiyeweza kumaliza kazi, alisema wakitoka, ni wa nini?

Sasa alitazama kisahani. Aliyeahidi kumaliza yote alikuwa na mtungi usio na jina. Aliyesema ukweli, Nthiwa alimdharau.

"Ningepaka usiku huu," Muthoki alisema polepole. "Uso mzima."

Nthiwa alichukua kichupa. Alienda nyuma ya duka, akamimina kichupa chote kwenye ndoo ya jivu. Jivu likatoa povu na kuchemka kwa sauti. Akarudi, akavuta mlango wa duka chini kwa kishindo, mchana kweupe, na mteja akija kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mama Muthoki, dawa ya kuku!"

"Kesho!" Alibana kufuli. "Wewe, vaa kofia, jua ni kali. Tunaenda Kitui."

"Kwa daktari?"

"Kwa nani mwingine? Lakini sikiza: hizo sindano zitafunguliwa pakiti mbele ya macho yangu. Na nikiona hata moja imetumika, mimi na yeye tutajuana."

Muthoki alikuwa tayari ametangulia stejini kungoja gari.