Mdomo Apata Vyuo Viwili

Nyumbani walimwita Mdomo tangu utotoni, na hakuna aliyelichukulia jina hilo kama tusi. Kaka yake alizaliwa kiziwi. Yeye akafuata, na kabla hajajua kufunga kamba za viatu alikuwa tayari anamsemea kaka yake dukani, kwa kinyozi, hata kwa watoto waliotaka kumdhulumu gololi. Alipokua, akaugeuza mdomo huo kuwa kazi: akawa mkalimani wa lugha ya alama mahakamani.

Kazi aliipenda, ila ilikuwa na mwiba wake. Mkalimani hubeba maneno ya wenzake, lake haongezi. Siku moja alikuwa anamtafsiria kijana kiziwi aliyeshtakiwa kwa wizi wa simu. Shahidi alidai amemwona mwizi akikimbia, na lilibaki swali moja tu la kumuuliza: uliona uso wake au mgongo wake? Wakili wa kijana alikuwa na kesi nyingine chumba cha pili na jicho lake lilikuwa kwenye saa. Mdomo alilingoja swali lile mpaka shahidi akashuka kizimbani. Halikuulizwa. Kijana akafungwa. Jioni ile Mdomo alirudi nyumbani kwa miguu, na alipofika mlangoni alikuwa ameshaamua kusoma sheria.

Vyuo viwili vikamkubali, na vyote vilikuwa tayari kumlipia ada. Kimoja kilikuwa hapo hapo mjini, jengo jipya nyuma ya posta, ambapo hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza walishaanza kukaa na wananchi katika ofisi ya msaada wa kisheria. Angesoma huku anaendelea na kazi yake. Cha pili kilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima ndani ya basi. Ni chuo cha zamani, kigumu, na mahakimu wakikisikia huinua nyusi kwa heshima. Jibu lilitakiwa kabla ya wiki kwisha.

Mama hakuona cha kuchagua hapo. Majirani walishaambiwa kwamba binti anabaki. Nani angeongea na daktari wa kaka yake, na benki, na wateja? Mama mwenyewe alijua alama za jikoni tu: njoo, kula, funga mlango. Kwa mengine yote alipaza sauti kumwita Mdomo. Na Mdomo, akiangalia huku na huku, alikiri moyoni kwamba mama ana hoja. Akaandika kwenye simu jibu la kukikubali chuo cha karibu. Kidole tu ndicho kilichogoma kulituma.

Kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa mtengenezaji wa makochi. Chumba chake cha kazi kilijaa viti vilivyovuliwa nguo, springi zimechomoza, na vipande vya sponji vilivyonasa kwenye nywele za kila aliyeingia. Chumba cha jirani kilikuwa kimebaki wazi naye alikitaka, kwa hiyo mwenye jengo alipokuja, Mdomo aliitwa kama kawaida.

Mwenye jengo hakumtazama Fundi hata kidogo. "Mwambie siwezi kumpa kiziwi vyumba viwili," alisema. "Moto ukizuka watu watapiga kelele, yeye atabaki anashona tu."

Mdomo akainua mikono. Anasema ana wasiwasi na moto, alimfasiria kaka yake, na anaomba muda wa kufikiri.

Fundi aliutazama uso wa mwenye jengo, kisha wa dada yake. "Hiyo si sura ya mtu anayeomba," alisema kwa mikono. "Kasema nini?"

"Nimeshakwambia."

"Mahakamani ungetafsiri hivi wangekufukuza."

Basi akamwambia yote, neno kwa neno, mikono ikiwa mizito kama iliyotoka kubeba ndoo. Alitarajia kaka yake atawaka. Fundi alichekea puani, akatoa simu, akaandika, akamwonyesha mwenye jengo: *Moto mimi huunusa. Pua yangu ni nzima.* Yule mzee alijaribu kuzuia tabasamu akashindwa, naye akaomba simu aandike. Wakaendelea hivyo, simu ikienda na kurudi kati yao, huku Mdomo amesimama pembeni amekumbatia mto wa kochi la watu. Mwisho walikubaliana: chumba atapewa, lakini aweke kizima moto ukutani.

Mwenye jengo alipoondoka, Fundi alimkalisha dada yake kwenye kochi lisilo na kitambaa.

"Umeanza lini kunichujia maneno?"

Mdomo alifikiria kumdanganya. "Siku zote," akasema.

Fundi aliiweka simu mfukoni. "Basi watu wote walioniambia maneno mazuri," alisema, "sijui ni wao au ni wewe."

Hilo lilimchoma Mdomo mahali ambapo hakujua pana nyama. Akaanza kujitetea, kwamba alikuwa mtoto, kwamba watu wana midomo michafu. Fundi alimshika vidole, jambo ambalo kwao ni sawa na kumziba mtu mdomo, kisha akaviachia.

"Ukitaka kubaki, baki. Lakini usiseme unabaki kwa ajili yangu. Sitaki kuzeeka nimebeba lawama za chuo ulichokiacha."

Mdomo aliondoka pale amekasirika, na hasira ikamkaa mpaka kesho yake. Ilipopoa ndipo taabu ilipoanza. Maana kaka yake alipojitoa kwenye hesabu, Mdomo alijikuta hana sababu nyingine ya kubaki aliyoweza kuitamka bila aibu. Mjini hapa alikuwa mtu: makarani walimpisha, mahakimu walimsalimia. Kule angekuwa mwanafunzi mwenye umri mkubwa kuliko wenzake, asiyejulikana na yeyote. Kumbe alikuwa anaogopa, na woga wake alikuwa ameuvisha koti la kaka yake.

Hakutaka kuamua kwa hasira, kwa hiyo alikwenda kwenye ile ofisi ya msaada ya chuo cha karibu akaomba kukaa asubuhi moja. Hakuona ubaya. Mama mmoja aliyenyang'anywa kiwanja alipokelewa vizuri, akapewa kiti na maji, na msichana aliyemhudumia akamsikiliza mpaka machozi yakakauka. Halafu akamwomba arudi mwalimu akiwapo, kwa kuwa yeye hakujua hatua inayofuata. Mama yule alishukuru sana. Mdomo alimtazama akishuka ngazi. Kusikiliza na kufariji aliona anakuweza tayari. Alichokosa ni kujua la kuuliza, na kulijua mapema, kabla shahidi hajashuka.

Pengine angejifunza hata hapo, kidogo kidogo. Lakini hakutaka kidogo kidogo. Alifuta lile jibu, akakiandikia chuo cha mbali kwamba anakuja.

Mama aliosha vyombo vilivyokuwa safi na hakusema naye mpaka siku ya tatu. Siku ya safari alimfungia chakula cha kumtosha mtu na mwenzake, akamtazama Fundi akipakia begi, akageuza uso.

Chuo kilikuwa kigumu kama kilivyosifiwa. Mdomo alianguka somo la mikataba muhula wa kwanza, akalirudia, akapita kwa shida. Wenzake walimwita Shangazi.

Likizo ilipofika alirudi bila kutangaza. Akiwa ukumbini na begi mkononi aliona jikoni mama na Fundi wamekabiliana, wanagombana kwa mikono. Alama za mama zilikuwa mbovu, nyingine kazibuni mwenyewe, na Fundi alimlazimisha kurudia kila alipokosea. Mama alirudia, amefura, lakini haachi. Fundi alikuwa amempa mgongo, na kwa alama za mama peke yake Mdomo hakuweza kuelewa wanagombania nini. Alisimama pale akingoja kuitwa kutafsiri kama zamani, na hakuitwa.

Akaliweka begi chini, akaenda kunawa uso.