Filamu ya Mwalimu Bakiri

Mwalimu Bakiri alikuwa mtu wa Tanga, na maneno hakuazima kwa mtu. Pale Jeppestown, ugenini kusini, katika gereji kuukuu alimofundishia udereva, wanafunzi walimpendea filamu yake ya adabu za barabarani, ya mwaka hamsini na saba. Magari yenye mapezi nyuma, akina mama wenye glovu nyeupe, mabwana wanaovua kofia kuwapisha waenda kwa miguu! Rangi zilishapauka zikabaki nyekundunyekundu, lakini nani alijali? Mzungu wa kwenye spika akisema Kiingereza chake cha adabu, Bakiri akitafsiri kwa Kiswahili huku fimbo iko ukutani, watu hawana mbavu.

Siri yake ilikuwa macho. Tangu Januari ya mwaka huo, 2017, yalikuwa yameingia ukungu, na kwa jinsi matundu ya bati yalivyopitisha mwanga, picha ukutani hakuiona kabisa. Alifuata sauti tu, maana filamu yote alikuwa nayo kichwani. Wakijua, kazi imekwenda, na kazi nyingine hana. Basi akanyamaza, na kila siku akaendelea kupanda gari na wanafunzi. Ndiyo, barabarani kabisa.

Alhamisi ile filamu ilifika pale bwana mmoja anapomvulia kofia ng'ombe. "Mwoneni mstaarabu huyu," akasema, fimbo juu. Hakuna aliyecheka. Siku zote hapo ndipo walipoangua kicheko. Akaongeza chumvi, akaiga mlio wa ng'ombe. Kimya. Mdomo hakuufunga, akaeleza hadi mwisho wa mkanda.

Alipokwenda kuzima projekta, akagusa kifuniko cha taa. Kwa kawaida kilikuwa kikiunguza vidole. Sasa kilikuwa cha baridi. Taa ilikwisha kufa kitambo, sauti ikaendelea peke yake, na yeye alikuwa akiwaonyesha watu wazima ukuta mtupu.

"Clémentine, zamu yako," akasema, kwa ukali asioukusudia.

Clémentine alikuwa msusi kutoka Bukavu, mtihani wake Jumatatu. Akakaa kwenye usukani, Bakiri kushoto kwake, mguu juu ya breki ya mwalimu. Akawasha gari, lakini halikuondoka.

"Twende, mama. Barabara nyeupe."

"Unaiona, Mwalimu?"

Teksi zilipita zikipiga honi.

"Usikasirike," Clémentine akasema. "Lampe ilizima mbele ya ile ng'ombe kuonekana. Sisi wote tuliona."

Alitaka kumtania, alitaka kuligeuza mzaha, lakini maneno yote ya Tanga yalimkimbia. Aliogopa. Likamtoka lile lililokuwa likimnyima usingizi.

"Wiki iliyopita, pale barabara ya Jules, ulifunga breki ghafla. Nikakufokea. Nikasema unaogopa vivuli, mpaka ukalia."

"Ndiyo."

"Kulikuwa na mtu?"

Clémentine akaushika usukani kwa mikono miwili. "Mama mmoja, na mtoto kwa mgongo."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye mwalimu. Nilifikiri pengine mimi ndiye nimeona vibaya."

Bakiri akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata ufunguo, akazima gari.