Mtungi wa Maji Yaliyochemshwa

Mzee Pazi wa Marui alikuwa hachoki kuwalaani wakubwa. Barabara ikizolewa na mvua, wakubwa. Muhogo ukiozea shambani, wakubwa. Na tangu mkewe Sikuzani akate roho kwenye benchi la zahanati, akingojea dawa ambayo haikuwapo, aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga pale tena.

"Walioniulia mke, leo nikawapigie magoti?"

Mjukuu wake Firdausi, ndio kwanza anajifunza kusimama, alipoanza kutapika na kuhara maji matupu, Pazi alimpigia simu mama wa mtoto, Mwanajuma, aliyekuwa akiuza mitumba Kwa Mathias, kule Kibaha. Jioni bodaboda ikaleta vipakiti vya unga mweupe.

"Baba, hao ni bakteria wazuri," Mwanajuma akasema kwenye simu. "Wako hai. Wanaingia tumboni kupigana na ugonjwa. Wa duka la dawa kasema watoto wa mjini wanapewa hao hao. Mkorogee kwenye maji."

"Bakteria tena? Si ndio tunaowakimbia?"

"Hawa wako upande wetu, baba."

"Haya. Angalau kuna walio upande wetu."

Lakini Pazi hakuwaamini hivyo hivyo. Mwaka ule wa kipindupindu bwana afya alipita na kipaza sauti: chemsheni, kila kitu chemsheni! Mtungi wa Sikuzani ukamwagwa mbele ya majirani. Tangu aibu ile, hakuna tone lililopita koo la mtu nyumbani mle bila kutokota kwanza. Basi akaumimina unga sufuriani, akauchemsha mpaka ukatoa povu, akaupoza, akamnywesha mtoto.

Maji mengine hakumpa. Ndivyo alivyolelewa: tumbo linaloharisha huachwa likauke, ndoo iliyotoboka huijazi. Firdausi akanyoosha kidole kwenye mtungi, akalia.

"Vumilia, mke wangu," babu akamtania. "Waache askari wako wafanye kazi."

Asubuhi mtoto alikuwa akilia bila machozi. Isihaka, balozi wa nyumba kumi, akachungulia mlangoni.

"Pazi! Utosi wa mtoto umebonyea hivi, nawe umekaa? Hasira zako na serikali anazilipia yeye?"

"Wewe si mtu wao? Nenda kawaambie nimekataa."

"Mtu wao gani, hata posho sijawahi kuiona! Lete mtoto hapa."

Akamnyakua, wakapanda pikipiki yake mpaka zahanati.

Nesi Laurensia alitafuta mshipa mkononi, akatafuta mguuni, akahamia kichwani. "Mishipa imelala. Mzee, mmekuwa mkimpa nini?"

Pazi akatoa kipakiti mfukoni. "Hawa. Ila niliwachemsha, wasije wakamdhuru."

"Ukiwachemsha wanakufa." Laurensia hakuinua macho. "Lakini hata wangekuwa wazima, kirusi hiki kinachomharisha hawakiui, wala maji yaliyomtoka hawayarudishi. Alitakiwa anywe, mzee. Maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, hata akitapika."

"Na nani aliniambia?" Pazi akafoka. "Kuchemsha mlikuja na kipaza sauti! Hili la kunywa mlilisemea wapi?"

"Hapa. Kila siku ya kliniki, kwenye benchi hilo hilo."

Pazi akaligeukia benchi.

Sindano ilipoupata mshipa, Firdausi alikuwa amekwisha nyamaza.

Mwanajuma aliwasili toka Kibaha watu wakirudi kutoka makaburini. Hakupiga yowe. Alimkuta baba yake peke yake chumbani, mtungi ukiwa kando yake, umejaa mpaka shingoni, maji yamechemshwa na yamepoa.

"Baba, aliomba maji?"

Majina ya wakubwa wote yalimjaa Pazi mdomoni, kuanzia bwana afya hadi wale wa juu kabisa. Akayameza.

"Aliomba," akasema.