Sahihi ya Atuganile

"Mkeo yuko wapi?" wakili aliuliza.

Gaspar aliangalia dirishani. "Nyumbani. Ameshakubali."

"Mie sijamsikia."

Elibariki alijisogeza kitini. Magoti yalimuuma. Miaka ishirini na sita alikuwa amejenga nyumba za watu, na sasa alitaka moja ya kwake, vyumba viwili, kabla mkono haujakataa mwiko. Gaspar, aliyemkorogea zege miaka yote hiyo, alikuwa anamuuzia nusu ya kiwanja chake cha Segerea. Walikubaliana kwa maneno mwezi wa tatu. Mwezi wa nne Elibariki akachimba msingi. Karatasi hawakuwa nayo, mpaka binti yake, Vaileth, alipomkazania atafute wakili wa ardhi.

"Kumbe huniamini," Gaspar alikuwa amemwambia asubuhi ile wakija. "Tungeenda serikali ya mtaa, mwenyekiti akagonga muhuri, yakaisha. Wewe unanipeleka kwa wakili kama mwizi."

"Hata ukuta wangu mwenyewe huwa naupima kwa timazi."

"Mie sipimagi."

"Ndiyo maana choo chako kimeinama."

Gaspar alicheka. Hakucheka tena siku hiyo.

Ofisi ya wakili Felicitas ilikuwa juu ya duka la rangi, Ukonga. Alizungumza polepole, kama mtu aliyeshasema maneno hayo mara nyingi.

"Mzee Elibariki, umeniweka nikuangalie wewe. Kiwanja hiki walikinunua wakiwa wameoana, na wanaishi hapo. Mke asipotia sahihi kwa hiari yake, anaweza kwenda mahakamani wewe umeshapaua. Mpigieni simu aje."

Atuganile alifika baada ya saa nzima, unga wa ngano haujamtoka kwenye kucha. Wakili akawaomba wanaume watoke.

"Atasaini," Gaspar alisema ukumbini.

Elibariki aligonga plasta ya ukuta kwa kidole. Ilikuwa imeachia ndani. Nje ilionekana nzuri tu.

Mlango ulifunguliwa. "Hakubali," wakili alimwambia Gaspar. "Hapo mlipochimba ndipo alipokuwa akipikia maandazi ya kuuza. Anasema alikukatalia tangu mwezi wa tatu, baba."

"Lakini ni mke wangu."

"Ndiyo maana nimemuuliza."

Elibariki alikumbuka siku ya kuchimba. Atuganile alimletea maji, akasimama kando ya mtaro hadi alipomaliza kunywa, hakusema neno. Yeye alidhani ni heshima.

Gaspar alimvuta pembeni. "Braza, twende kwa mwenyekiti sasa hivi. Muhuri anao. Huyu wakili wa nini?"

Ingewezekana. Kabla ya saa nane angekuwa na karatasi mkononi, na baada ya wiki mbili angekuwa anapanga tofali.

"Hapana," alisema. "Kesho nakuja kuufukia msingi."

Gaspar alimtazama, kisha akashuka ngazi peke yake.

Elibariki alishuka baadaye, ngazi moja moja. Magoti yalimkalisha kwenye kibaraza cha duka. Atuganile akaja, akakaa hatua chache kutoka kwake.

"Shemeji, siku ile mbona hukuniuliza?"

Elibariki aligeuza macho barabarani.

Gaspar alikuwa bado upande huu wa barabara, akingoja malori yapite. Aliweka mguu mmoja kwenye lami, akaurudisha. Akauweka tena. Atuganile alikuwa akimwangalia. Hakuinuka kumfuata.